Muziki Usiovuka Bonde

Mdogo wangu wa kiume aliupenda muziki ambao hakuna mtu mwingine aliyeupenda pale Makambako, na ningekuwa mwongo nikisema mimi niliupenda. Nilimpenda yeye. Muziki wake niliuvumilia, kama unavyomvumilia shemeji anayekoroma.

Alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na maegesho ya malori, na mimi nilitandaza mitumba pembeni yake. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Vitu tulivyokua tukivisikia kwa watu wa mbali vilianza kushuka mlangoni petu: redio kaseti za Dubai, sabuni zenye harufu ya maua, makoti ya Wazungu yenye tiketi za treni bado mfukoni. Mteja alikuja na kanda tupu, akachagua nyimbo, mdogo wangu akamrekodia. Asubuhi alifungulia kwaya kwa ajili ya akina mama wa sokoni, mchana dansi na zouk kwa ajili ya madereva, jioni rege kwa vijana wasio na kazi. Upepo wa Makambako, ambao hauna adabu, ulizichukua sauti zote hizo ukazimwaga relini.

Muziki ule mwingine uliletwa na mzungu mmoja wa kujitolea, kijana mrefu aliyekuwa akifundisha upande wa Kidugala. Siku moja basi lake lilichelewa, akaingia kibandani kujikinga na upepo, akatoa kanda kwenye begi na kuomba isikike kidogo. Mdogo wangu akaiweka. Ikaanza sauti moja nene, kama kinanda cha kanisa ambacho mpigaji wake amesinzia juu yake. Tukangoja ngoma ziingie, hazikuingia. Tukangoja mtu aimbe, hakuna aliyeimba. Sauti ile iliendelea tu, ikipanda kidogo na kushuka kidogo, hadi nikaanza kutazama nyuma yangu bila sababu. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa kwenye spika na hakuniona.

Tangu siku hiyo walikuwa marafiki. Mzungu alitumiwa na ndugu zake kanda mpya kila zilipotoka huko kwao, naye alizipitisha kibandani zirekodiwe kabla hajazifaidi mwenyewe. Mdogo wangu alizigawa kwa namna yake. Zisizo na mwanzo wala mwisho aliziita za ukungu. Zilizopigwa na mitambo mitupu, zinazogonga na kurudiarudia kama mashine ya kusaga, aliziita za umeme. Na zile ndefu kuliko zote, ambamo gitaa linaanza kwa upole, kinanda kinalivamia, mdundo unageuka katikati mpaka hujui kama ni wimbo ule ule, hizo aliziita za safari, kwa sababu, alisema, unapandia Makambako na hujui utashukia wapi. Kila ilipokuja mpya aliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: MPYA KUTOKA ULAYA. Watu walisoma, wakaingia, wakasikiliza kidogo, wakatoka wakiomba dansi.

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja Mwislamu mwenye malori, aliyehamia kutoka mikoa ya kaskazini. Alikuwa akija na kikombe chake cha kahawa kutusalimu. Alisikiliza moja ya zile za ukungu akiwa amesimama mlangoni.

"Kijana, mbona muziki huu hauna mtu ndani?"

"Ndiyo uzuri wake, mzee."

"Nyumba isiyo na mtu ndani haikosi mwenyeji," mzee akasema, akarudi kwenye malori yake.

Dereva wake mmoja, mtu wa ubishi, aliichukua kanda ile ili kuonyesha haogopi. Aliirudisha aliposhuka kutoka Zambia. Alisema kila anapopanda mlima anahisi kuna mtu amekaa kiti cha pembeni, naye hajapakia mtu. Akaomba arekodiwe taarabu juu yake. Tulimcheka, na yeye mwenyewe alicheka, lakini hakuigusa tena ile kanda hata kwa kuisogeza mezani.

Miaka hiyo hiyo mafundi seremala wa barabarani waliacha kutengeneza vitanda. Ukipita asubuhi unaona majeneza yameegeshwa nje, meupe, hayajapakwa rangi, yanangoja wenyewe. Kibandani nako mambo yalibadilika. Watu walianza kuagiza kanda za nyimbo za kuaga maiti, na biashara hiyo ikaishinda dansi. Mteja aliyekuja masika kurekodi zouk, kiangazi ndugu zake walikuja kurekodi za kumzikia. Kifo cha wengi harusi, watu husema, lakini mimi sijawahi kuiona hiyo harusi. Niliona makoti ya mitumba niliyoyauza yakirudi kwangu, yamefuliwa, yakiletwa na wajane.

Kisha kikohozi kikaingia kibandani kwetu. Mwanzoni tulisema ni vumbi la barabara. Halafu tukasema ni baridi. Mdogo wangu alikonda mpaka saa ya mkononi ikawa inapanda na kushuka mkononi kama bangili. Mjini walisema amekanyaga waya, ndivyo ukimwi ulivyoitwa, na walisema kwa kunong'ona huku wakimtazama usoni, kama vile kukonda kumemziba masikio. Hospitali walitushauri turudi nyumbani. Mzungu wake alikuwa ameshamaliza muda wake na kwenda kwao, lakini aliahidi kuendelea kutuma kanda.

Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya Njombe, kijiji kilichokaa pande mbili za bonde. Chini ni mashamba ya viazi, juu ni miti ya miwati na mianzi, na nyumba zinatazamana ng'ambo na ng'ambo. Baba alishafariki, alikuwapo mama peke yake. Tulimlaza mdogo wangu chumba cha mbele chenye dirisha linaloangalia bonde, tukaweka redio kaseti yake kubwa kwenye kigoda, tukaiunganisha na betri ya gari ambayo nilikuwa naipeleka mjini kuchajiwa.

Jioni ya kwanza aliniita.

"Dada, nakuomba kitu kimoja. Wasinililie kabla sijafa."

Nilimwambia asiseme upuuzi. Lakini alikuwa amewaona wagonjwa wengine, alijua inavyokuwa: watu wanakuja kukujulia hali, wanakaa, wanashika tama, wanazungumza habari zako kama vile umeshatoka chumbani. Basi nikaapa. Nilimwambia hakuna atakayedondosha chozi katika nyumba hii wakati yeye anavuta pumzi, na atakayejaribu nitamtoa kwa ufagio. Nilikuwa nasema kweli kabisa.

Kwa Kiswahili wanasema dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalianza kuingia mlangoni kwa miguu. Shangazi yangu alikuja na kikapu cha mayai, akakaa nasi siku kadhaa, na nikamkuta anatoa viti sebuleni. Nilipomuuliza, akasema anatengeneza nafasi. Nafasi ya nini, shangazi? "Ya watu, mwanangu." Nikavirudisha viti kimoja kimoja, kwa kelele. Baba mdogo alikuja akamsalimia mgonjwa, kisha akageukia redio, akaipapasa vitufe, akauliza kama bado inashika stesheni vizuri. Mdogo wangu akamjibu, "Inashika, baba. Ukiondoka nitaendelea kuisikiliza." Baba mdogo alicheka, lakini hakuja tena mwezi ule.

Mama peke yake ndiye ambaye hakunitia wasiwasi. Alipika uji wa ulezi, akamwosha, akamkemea alipokataa kula kama alivyokuwa akimkemea akiwa mdogo. Nilijiambia kuwa tuko wawili, mama na mimi, na kwamba wawili tunatosha.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja la pale kwetu. Nyumba ikipata msiba, redio inazimwa, na majirani nao wanazima zao mpaka mtu azikwe. Zamani hilo lilikuwa jambo la heshima tu. Lakini katika miaka ile, misiba ilipokuwa inafuatana, watu walizoea kusikiliza ng'ambo ya bonde. Nyumba ya mgonjwa ikinyamaza ghafla, akina mama waliacha majembe, wakakaza khanga viunoni, wakafunga mizigo ya kuni. Kuni kwa ajili ya kupikia waombolezaji, kila mmoja na mzigo wake. Walikuwa hawangoji kuambiwa.

Mdogo wangu alilijua hilo kuliko yeyote. Ndiyo maana alipiga dansi tangu asubuhi mpaka jua linazama, kwa sauti ya juu, gitaa na tarumbeta zikivuka bonde. Alipochoka na dansi alipiga zouk. Alikuwa anawaambia yupo. Ng'ambo walimsikia na kuendelea kupalilia, na wengine walikuwa wakisema, bado anapiga, basi bado.

Lakini yale hayakuwa mapenzi yake. Mapenzi yake yalikuwa kwenye sanduku la viatu chini ya kitanda, zile za ukungu, za umeme na za safari, ambazo hakuzipiga kwa sababu hazikuwa na ngoma za kuvuka bonde. Nilimuuliza kwa nini azipende hivyo hata sasa. Akasema, "Kwaya inanizika, dada. Dansi inanitania. Hizi zinaniacha." Sikuelewa siku hiyo. Nilielewa baadaye, nilipoketi kando ya kitanda watu wakimtazama kwa huruma, nikaona jinsi macho ya watu yanavyochosha.

Kilichomtia nguvu kilikuwa posta. Mzungu alituma kijikaratasi kwamba kuna kanda mpya inatoka, ndefu, upande mzima wimbo mmoja, na ataituma ikishatoka tu. Basi ikawa hiyo. Kila nilipokwenda mjini na betri, aliniuliza posta. Alikunywa dawa za kienyeji alizokuwa anazichukia, alikula, alikubali kugeuzwa ubavu bila kulalamika. "Siwezi kuondoka kabla sijaisikia," alisema. Na mimi nilimwomba Mungu, nisamehewe, kwamba Wazungu wale wasiache kutoa kanda, mwaka kwa mwaka, hata kama zote ni za kukoroma.

Kifurushi kilifika wakati viazi vinavunwa. Nilikibeba kifuani ndani ya koti njia nzima. Nilipofika, mama alikuwa ameshuka shambani, na dansi ilikuwa inaunguruma kama kawaida. Mdogo wangu alipoona stempu, alitabasamu, na kutabasamu kulimchukua uso mzima, maana uso ulikuwa umebaki mdogo. Akaniambia nizime ile dansi katikati ya wimbo. Nikaizima. Akafungua kifurushi, akaninyooshea kanda, nikaiweka.

Ilikuwa ya ukungu. Ilianza chini sana, hata nikadhani betri imeisha, lakini aliinua kidole kunizuia nisiguse kitu. Polepole nikaanza kuisikia: mvumo, halafu mwingine chini yake, halafu kitu kama maji yanayopita mbali ndani ya bomba. Chumba kilijaa bila kelele. Mdogo wangu alifumba macho. Hakukohoa. Kwa mara ya kwanza tangu Makambako nilikaa mpaka nikasahau kuingoja ngoma, na nakiri nilikuwa na furaha, tena kubwa, nikimwangalia amelala pale na kitu chake kipya.

Nilisikia kilio kikipanda kutoka bondeni. Nikafikiri, masikini, nani tena leo. Nikaenda dirishani, nikaona akina mama wanakwea njia yetu mmoja nyuma ya mwingine, khanga viunoni, kuni za miwati kichwani. Hawakukata kona ya kwenda kwa jirani. Walikuwa wanakuja kwetu.

Ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Tulikuwa tumezima dansi katikati ya wimbo.

Nilitoka mbio nikawakuta kwenye uwanja. Nilikuwa na hasira. Niliwaambia waziteremshe kuni zao mbali na mlango wetu. Niliwaambia mdogo wangu yuko hai, anasikiliza muziki, na kwamba ni aibu watu wazima kukimbilia msiba kama wanakimbilia foleni ya sukari.

"Kilio huanza mfiwa," nikawaambia. "Nani wa nyumba hii mliyemsikia akilia? Nani?"

Mmoja wao, mama mtu mzima aliyewahi kunibeba mgongoni nikiwa mtoto, aliuweka mzigo wake chini taratibu na kunyoosha mgongo.

"Tumemsikia mama yako," akasema.

Wakapisha njia. Nyuma yao, akishikiliwa na wanawake wawili, alikuwa mama. Alikuwa amepoteza kiatu kimoja shambani. Udongo wa viazi ulikuwa magotini, na sauti ilikuwa imeshamkauka. Alikuwa amesikia dansi inakatika, hakungoja kitu kingine, akaanza kulia pale pale kwenye matuta, na bonde zima likamfuata, kama inavyotakiwa.

"Kamwene, akina mama."

Ilikuwa sauti ya mdogo wangu, akiwasalimu kwa lugha ya kwetu. Alikuwa amejiburuta mpaka dirishani na kuegemea kizingiti. Akina mama wengine walirudi nyuma. Mmoja alitupa kuni chini zikatawanyika. Mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa wa furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyeamshwa njiani, hajui arudi au aendelee. Mdogo wangu naye alimwona vizuri, kuanzia khanga iliyokazwa mpaka mguu usio na kiatu.

"Karibuni," akasema. "Mmekuja na mimi nipo. Kaeni msikilize, ni mpya."

Walikaa. Wangefanya nini? Walikaa uwanjani miguu wameinyoosha kama wanavyokaa msibani, na mimi nikaweka redio dirishani. Kanda ilikuwa bado inakwenda. Wanawake wale walisikiliza ule mvumo wa Ulaya kimya, mikono mapajani, na hakuna aliyeuliza mbona hauna mtu ndani. Yule mama mtu mzima alitikisa kichwa polepole, kama anayekubaliana na jambo aliloambiwa zamani. Upande ulipokwisha na kitufe kuruka, waliinuka, wakamuaga kwa adabu, wakashuka bondeni.

Kuni waliziacha. Kwetu kuni za msiba hazirudi zilikotoka, maana anayezirudisha anaurudisha msiba nyumbani kwake. Nilimwambia mama tuziwashe pale pale, tupike nazo viazi, iwe basi. Mama alikwenda nyuma ya nyumba, nikamsikia anazipanga chini ya paa la nyuma, mahali mvua isipofika, gogo juu ya gogo. Nilimfuata.

"Mama, zichome."

"Hizi si za leo, mwanangu," akasema, akaendelea kupanga.

Niliporudi chumbani, mdogo wangu alikuwa amegeukia ukuta. Aliniuliza mama amezifanyia nini zile kuni. Nikamwambia amezichoma.

"Nimemsikia anazipanga," akasema. "Amezipanga vizuri."

Hakusema kwa uchungu. Ningependa kama angesema kwa uchungu, ningepata pa kushika. Nilimuuliza kama nigeuze kanda, kulikuwa na upande wa pili, mpya vilevile. Akasema atausikiliza kesho. Kesho yake akasema kesho. Dansi aliniruhusu nimpigie, nami nilipiga kwa sauti ya juu kuliko mwanzo, tangu alfajiri, kwa hasira, bonde zima lisikie. Yeye hakuwa anaisikiliza. Nilipokuwa nachukua betri kwenda mjini hakuniuliza posta.

Baadaye kidogo kilikuja kifurushi kingine. Sikukitarajia, na nilifurahi njiani kama mjinga, nikijisemea hiki kitamrudisha. Alikuwa na siku nzuri. Alikuwa amekula, amekaa kitandani akiegemea mto, alikuwa amemtania shangazi, aliyekuja tena kututembelea, mpaka shangazi akacheka. Nikamwekea kifurushi mikononi. Alikigeuza, akasoma stempu, akapapasa kamba kwa kidole gumba. Kisha akanirudishia bila kukifungua.

"Hii utaisikiliza wewe," akasema.

Nilisema sawa. Nilitoka nikazunguka nyuma ya nyumba. Nilijaribu kuziba mdomo kwa khanga, mimi niliyewakataza watu wote, lakini kilinishinda, kikatoka kilio kile chenyewe cha kufiwa, kirefu, mchana kweupe. Ng'ambo ya bonde mtu aliacha kulima akanyanyua kichwa. Mdogo wangu alikuwa hai, na dirisha lake lilikuwa wazi.